Mguu Uliongoja Kuambiwa

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa katika gereji moja ya Msamvu alipowasili mjane akiendesha pikapu ya marehemu mumewe.

"Pedeli ya breki inazama, mwanangu," alimwambia fundi. "Kesho namkabidhi mnunuzi, naye ni mtu wa Matombo, kule milimani. Sitaki miteremko ile immalize."

Fundi alikanyaga mara tatu, pedeli ikapanda. "Kuna upepo kwenye mabomba ya breki, mama." Alifungua gurudumu la nyuma, akakuta mpira wa breki unavuja. Mpya ulipatikana duka la jirani papo hapo.

Mama aliugeuzageuza kiganjani. "Enzi zile za uhaba, mume wangu aliusaka kama huu miezi sita, na barua ya kibali mfukoni. Leo biashara ni huria, umejaa dukani kama vitumbua."

Ikabaki kutoa upepo, kazi ya watu wawili: mmoja akanyage pedeli na kuachia akiambiwa, mwingine afungue na kukaza nati ya kutolea upepo. Mama alikaa kwenye usukani, fundi akaingia uvunguni.

"Kanyaga, mama! Shikilia!"

"Usinifundishe. Miaka yote mume wangu akiwa huko chini, mkanyagaji nilikuwa mimi."

Hatimaye pedeli ikawa ngumu. Fundi alitoka akijifuta mikono. "Tayari, mama. Shuka."

Hakushuka. Mguu wake ulikuwa ungali umekandamiza pedeli.

"Hujaniambia niachie. Mwenzangu hakuacha kuniambia hata siku moja."

Fundi alikwisha kukaza nati zote. Hata hivyo alirudi uvunguni, akalala chali.

"Achia, mama."

Mama aliuinua mguu polepole mno. Mimi nilikwenda pale kulalamikia honi ya gari langu waliyoitengeneza vibaya; niliondoka bila kuitaja.