Kama Mwenye Mtungi Kichwani

Enzi zetu kule Ikonge, msichana hakufunzwa adabu kwa maneno mengi. Ulifungiwa ngata ya majani makavu ya mgomba, ukatwikwa mtungi, ukapanda kilima kutoka mtoni, utelezi mtupu, wachunga ng'ombe wakikucheka: "Moraa, leo mtungi utakuogesha!" Hugeuki, hujibu. Wasichana wa siku hizi maji wanaletewa na bodaboda, na bado shingo zinawauma.

Kwa hiyo mama akisema, "Tembea kama mwenye mtungi kichwani," tulijua si habari ya maji. Alimaanisha uko kati ya watu wawili, ukiegemea mmoja utamwaga yote.

Baba alipokufa, mama alibaki na sisi na ile chai aliyoipanda kwa mikono yake. Chai hiyo ndiyo ilitusomesha. Nyakundi, mdogo wake baba (namtaja, nimfiche kwa nini?), akaanza kuitaka. Mjomba alikuja kutoka Magwagwa akamwambia mama, "Dada, piga kelele mbele ya wazee." Mama akaogopa kufukuzwa. Akaamua kupita katikati: chai hampi, lakini kila jioni anampikia ugali wa wimbi, nami naupeleka kwenye kikapu, moto, harufu inanitoa mate.

Siku wazee walipoketi, Nyakundi alisimama akitabasamu. "Wazee wangu, nibishane na nani? Kila jioni nakula kutoka jiko la huyu omong'ina, mama huyu mnayemwona. Mwanamke humpelekea nani chakula kila jioni?"

"Mwenye nyumba," mzee mmoja akajibu.

"Nilikuwa namheshimu tu kama shemeji," mama akasema.

"Basi endelea kumheshimu," mzee yule akamwambia. Wazee wakacheka, wakainuka.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kile kikapu kilikuwa kimeshasema mama ana mume, na chai ni ya mume. Desturi hiyo mama aliijua. Alidhani tu upole wake utaonekana ni upole.

Shule niliachia darasa la nne. Nikachuma chai ile ile, Nyakundi amesimama nyuma yangu na fimbo.

Siku hizi baba yake mdogo akitaka kitu changu, binti yangu anamwambia waziwazi, "Hapana, hiyo ni ya mama," huku anabonyeza simu, hata macho hainui. Sisi tungechapwa. Namgombeza, maana ndivyo nilivyolelewa, lakini sauti yangu haina nguvu. Natamani mama angepewa mdomo huo, hata kwa asubuhi moja.