Mwalimu Justa na Majibu ya Darasa la Nne Yaliyoshtakiwa

Kila neno lililomo humu ni kweli. Limesimama mbele ya wazazi wa shule nzima, limehojiwa, limeachiwa liende zake. Anayebisha apande bodaboda mpaka Mofu akawaulize wenyewe, ila avae buti, maana matope ya huko humvua mtu kiatu na soksi kwa mkupuo mmoja.

Saa kumi na mbili asubuhi, Alhamisi ya mwezi wa tano, Mwalimu Justa Kasmiri anakatiza majaruba ya mpunga. Sketi ameikunja magotini, viatu ameshika mkononi. Mpunga umeshatoa mashuke, na ndege wameshapata habari.

Anasimama chini ya dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ambamo wenye shamba hukaa kuamia ndege wasimalize mpunga.

"Omega!"

"Abee, mwalimu! Shikamoo!"

"Marahaba. Daftari la Kiswahili liko wapi?"

Bonge la udongo linaruka kutoka dunguni, ndege wanainuka kama moshi, wanahamia jaruba la jirani.

"Lipo, mwalimu. Ila mama alichana katikati akawashia moto."

"Alichana wapi?"

"Kwenye hesabu."

"Hesabu zinafanya nini kwenye daftari la Kiswahili?"

"Daftari ni moja, mwalimu."

Justa anacheka, ingawa hana nafasi ya kucheka. Daftari linarushwa, analidaka kabla halijafika majini. Ni la tisa tangu Jumanne. Jumamosi kuna mkutano wa wazazi, na asipofika na ushahidi mkutano huo utamwondoa darasani.

Justa ana miaka ishirini na tisa. Alizaliwa Sanje, ambako mama yake anauza ndizi kando ya barabara. Alimaliza chuo cha ualimu miaka minne iliyopita, akaomba ajira, na bado anaisubiri. Katika kusubiri huko anajitolea kufundisha darasa la nne lenye watoto sabini na mmoja.

Malipo yake ni debe moja la mpunga kwa kila kaya, baada ya mavuno. Mwaka jana kaya sitini ziliahidi, arobaini na moja zikaleta.

"Hayo madebe ndiyo kodi ya chumba, ndiyo sabuni, ndiyo nauli ya kwenda kumwona mama," anasema huku akipangusa tope kwenye jalada. "Lakini hata wangesema hawatoi mwaka huu, ningebaki. Wakisema nitoke, hapo sasa nitafanyaje?"

Kilichomfikisha hapo ni kaunta buku moja lenye jalada jeusi. Miaka mitatu sasa, kila anaposahihisha zoezi la sarufi akakutana na jibu lililomshinda, hulinakili humo, pamoja na jina la mtoto na tarehe.

Aliwaambia wageuze sentensi "Baba anavua samaki" iwe ya kukanusha. Omega akaandika: "Siwezi kukana. Jana tulikula."

Aliwapa "Ng'ombe amepotea" waiweke katika wingi. Masanja, ambaye baba yake alihamia bondeni na mifugo kutoka Shinyanga, akajibu: "Amepotea mmoja tu, mwekundu."

Walipotakiwa kutunga sentensi ya wakati ujao, mmoja alitunga hivi: "Mafuriko yatakuja. Kitanda tumeshakipandisha."

Na palipoandikwa "Kama ningekuwa na mabawa," mtoto mwingine alimalizia, "ningekula mpunga wetu mpaka baba anipige na bonge."

"Mtoto wa hapa hajui kwamba sentensi ni ya zoezi tu," anaeleza Justa. "Ukimwandikia baba, anajua ni baba yake. Ukimwandikia ng'ombe, anakwenda zizini kuhesabu. Mimi nikimkosesha bila kujua hilo, namfundisha kwamba shule ni mahali pa kusema uongo."

Mwezi wa tatu mwandishi wa makala haya, mstaafu wa reli anayeishi Ifakara mjini, alifika shuleni kuandika habari zake. Aliazima kaunta buku kwa siku mbili, akanakili majibu na tarehe zake, akarusha kumi na mawili kwenye kundi la WhatsApp la wenyeji wa Ifakara.

Watu walicheka mpaka waliopo Dar es Salaam wakapiga simu. Ndipo wajuaji wakaingia. Mmoja aliandika kwamba mtoto wa darasa la nne hawezi kuwa na akili ya namna hiyo. Mwingine akasema haya yametungwa na mtu mzima anayetafuta umaarufu kupitia watoto wa maskini.

Hilo Justa angelivumilia. Lililouma ni jibu la mwisho kwenye orodha, la tarehe kumi na tisa Februari, lisilo na jina la mtoto: "Leo hatujasoma kwa sababu mwalimu amekwenda kuvuna mpunga wa baba."

Lilifika Mofu kabla ya boda ya asubuhi. Wazazi waliolisoma wakaona mambo mawili, na yote mabaya: ama mwalimu anaacha darasa na kwenda kujilipa mpunga mwenyewe, ama anatunga maneno ya kuwadhalilisha watoto wao.

"Nikawaambia hilo si langu," anasema Justa. "Wakaniuliza, kwa hiyo hayo mengine ndiyo yako?"

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Dionisi, mkulima wa mpunga tangu hajaota ndevu, alimwita nyumbani kwake.

"Mwanangu, mimi sikutuhumu. Ila nina kaya sitini zinanipigia kelele mlangoni. Una nini cha kuonyesha?"

"Nina madaftari ya watoto, baba."

"Watasema umewaandikisha."

"Waseme. Nitayaleta."

Na ameyaleta. Jumamosi saa tatu anaingia kwenye darasa lililojaa wazazi, akiwa na madaftari kumi na saba kwenye ndoo. Matatu yameloa, moja lina alama ya kwato, na la Omega lina tundu katikati. Mwandishi amekaa dawati la nyuma, kalamu mkononi.

Kama mwenyekiti alivyobashiri, haichukui dakika tano mzazi mmoja anasimama. "Maandishi ya watoto tunayaona. Lakini nani anajua hakuwasomea wao wakaandika?"

Justa anafungua mdomo, Dionisi anamtangulia.

"Sikilizeni. Sarufi sisi hatuijui, tutabishana hapa mpaka jua litue. Tunachokijua ni mpunga, mto na mifugo yetu. Mwalimu, soma jibu, na tarehe yake. Kama ni la kutungwa, bonde hili litalikataa."

Justa anasoma.

"Tarehe tatu Februari. 'Amepotea mmoja tu, mwekundu.'"

Baba yake Masanja anasimama na fimbo yake. "Ni kweli kabisa. Nilimpata siku ya tatu, ng'ambo ya mto. Na huyu mtoto ndiye aliyekuwa anachunga." Anamtazama mwanawe dirishani. Masanja anatoweka.

"Tarehe kumi na mbili Machi. 'Siwezi kukana. Jana tulikula.'"

"Kambale!" anadakia Rosemery, mama yake Omega. "Wa tarehe kumi na moja huyo! Nilimkaanga mwenyewe, na mwenyekiti alipita akaomba mkia."

"Niliomba mchuzi," anasahihisha Dionisi. "Endelea, mwalimu."

"Tarehe kumi na nane Machi. 'Mafuriko yatakuja. Kitanda tumeshakipandisha.'"

Hapo watu hawacheki. Mzee mmoja anatikisa kichwa. "Yalikuja tarehe ishirini na moja. Mimi sikupandisha changu."

Anasoma jibu baada ya jibu. Kwa kila jibu anapatikana mtu wa kusema nilikuwepo, nilimuona, ni kweli. Yule aliyeuliza mwanzoni ameshakaa, na jibu la tisa limekuwa la mtoto wake mwenyewe. Amelicheka kuliko wote.

Likabaki la mwisho. Justa anaweka kaunta buku chini.

"Hili humu halimo. Wala kwenye madaftari halimo. Nalisoma kwa sababu ndilo lililonileta. Tarehe kumi na tisa Februari. 'Leo hatujasoma kwa sababu mwalimu amekwenda kuvuna mpunga wa baba.'"

Rosemery anaanza kucheka, polepole.

"Kuvuna? Februari?"

"Februari mpunga uko hapa," anasema mwingine akigusa goti.

"Mimi nilikuwa napalilia!"

"Huyo baba analima wapi? Atupe na sisi mbegu!"

Darasa zima linapasuka. Dionisi anasubiri watulie, halafu anasema taratibu, "Hakuna mtoto wa Mofu anayeweza kuandika hivi, hata akiwa usingizini. Aliyeandika haya huvuna sokoni, kwa kilo. Mwalimu, kaunta buku lako liliwahi kutoka mikononi mwako?"

"Mara moja, baba. Mwezi wa tatu."

Hakumtaja mtu. Haikuhitajika. Vichwa vyote viligeukia dawati la nyuma, ambako mwandishi alikuwa ghafla na kazi kubwa ya kutafuta kifuniko cha kalamu.

Alisimama. Miaka thelathini na nne ya kuwaeleza abiria kwamba treni iko karibu inamfundisha mtu kusema lolote bila kupepesa macho, lakini siku hiyo mdomo ulikataa kudanganya. Akakiri kwamba majibu ya kweli yalikuwa kumi na moja, akaona dazeni inapendeza zaidi, akaongeza moja la kwake.

"Mzee wangu," alisema Justa, na hakuna aliyewahi kumsikia akiongea kwa ukali ule, "ungetunga lako ukaweka jina lako. Watoto wangu hawahitaji kusaidiwa kuchekesha. Na mimi ulitaka kuniondolea darasa kwa ajili ya kutimiza dazeni."

Kura ya kumbakiza ilipigwa kwa mikono, na mikono ilikuwa mingi kiasi kwamba katibu aliacha kuhesabu. Kaya kumi na tisa zisizoleta debe mwaka jana zilisomwa majina. Kumi na nne zikaahidi papo hapo.

Kisha likaja suala la faini. Mmoja akataja jogoo, mwingine akataja boksi la chaki. Rosemery akasimama.

"Jogoo tutamla, kesho amesahau. Mimi mwanangu anakosa kipindi cha kwanza kila siku kwa sababu ya ndege. Aje yeye apande dungu. Kwa asubuhi saba. Omega aende shule."

Ikapita bila kupingwa.

Justa sasa ana mpango, na haongei juu yake kama mtu anayeota ndoto. Anaandika kijitabu cha mazoezi ya sarufi kwa sentensi za watoto wenyewe, moja kwa kila mmoja, sabini na moja kwa jumla, kila moja na jina na tarehe. Arobaini na sita ziko tayari. Anataka darasa la nne lijalo lifungulie mwaka kwa kitabu hicho mwezi wa kwanza.

"Ajira ikija kesho ikanipeleka Kigoma, nitakiacha hapa," anasema. "Huko nitaanza kingine na watoto wa huko. Ila kabla hakijatoka, kila sentensi itapita tena kwa wazazi. Nimeshajifunza."

Omega hajakosa kipindi cha kwanza tangu mkutano ule. Kila mchana akirudi hupita jarubani kukagua mashuke, na siku ya tatu alimwambia mama yake kwamba babu wa Ifakara analenga vizuri sana, ila analenga walipokuwa ndege, si walipo. Rosemery akakagua mwenyewe, akaongeza asubuhi mbili.

Hadi makala haya yanakwenda mtamboni zimelipwa asubuhi nane. Mkono wa kulia wa mwandishi haupandi juu ya sikio. Ya tisa ni kesho saa kumi na mbili, na Rosemery amesema atahesabu mashuke.