Kompyuta Iliyofumiwa Kitambaa

Jumamosi nilikwenda kuwasalimu jirani zangu hapa Chemchem, nikawakuta wanahangaika na kompyuta yao kuukuu. Kila ikiwashwa, ilizimika baada ya dakika tano. Mama wa nyumba hiyo alikaribia kulia, kwa kuwa hadithi za bibi yake, alizozichapa kwa miaka minne, zilikuwa humo tu.

Mumewe alichomoa waya wa umeme, akafungua ubavu kwa bisibisi. Feni ilikuwa imejaa vumbi lililoshikana kama sufi.

"Mama watoto, kitambaa chako cha kuifunikia kimeziba matundu ya hewa!"

"Nilikifuma kizuie vumbi!"

"Kimezuia hewa, vumbi kimeliacha lipite. Lete pampu ya baiskeli."

Akapuliza, tukapiga chafya sote watatu. Wakaiwasha. Zikapita dakika tano, kumi, ishirini! Mama akapiga vigelegele, kisha upesi akachomeka flashi na kuanza kunakili hadithi zake.

Nilicheka nikikitazama kile kitambaa, maana hata darasani ninamofundisha nimewaona watoto waliotunzwa hadi wakakosa pumzi.

"Flashi ya nini tena?" mume akauliza. "Si imepona?"

"Imepona, baba watoto. Lakini fundi ni wewe."