Michai Mitano ya Kimulot

Mwanangu, naikumbuka siku niliyosababisha kifo cha shahidi wangu. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mzee mmoja wa Kimulot, kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, mkononi, na kilichoniponza ni adabu niliyofunzwa nyumbani.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa mpelelezi mpya, mwanamke pekee katika ofisi yetu ya Bomet. Rael, mke wa mzee huyo, Kipkoros, alikuwa hajaonekana kwa miaka sita. Mzee alisema amerudi kwao Londiani. Kwao walisema hawajamwona.

Fununu ya kwanza nilipewa na Gogo Tabutany, nyanya mjane aliyemchumia mzee majani ya chai. Unajua chai hupogolewa kila baada ya miaka michache, ikabaki visiki vinavyofika magotini na ardhi yote ikaonekana.

“Shamba yote yeye hukata,” Gogo aliniambia akinisindikiza. “Lakini hiyo michai mitano ya huko chini, hapana. Ananiambia niruke. Sasa ndege wamejenga humo kama kwao.” Kisha akanishika mkono. “Jina yangu usiseme. Mimi nakaa peke yangu.”

Nikamwahidi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuiona ile michai kabla ya kuomba kibali cha kuchimba. Mzee alinikuta huko, akanikaribisha nyumbani. Aliuliza ukoo wangu, akasema alimjua babu yangu, akacheka, akanimiminia mursik.

“Sasa, msichana wangu, nani alikuambia mambo ya chai yangu?”

Tulilelewa hivyo: mzee akikuuliza, unajibu, kumnyamazia ni kumtukana. Nilimtaja Gogo. Jina lilinitoka kama mtu anavyoitikia salamu.

Uso wake haukubadilika. “Huyo ni mama mzuri,” alisema. “Kunywa, umalize.”

Nikamaliza. Nikashika njia ya kurudi Bomet. Nilijua nimekosea, lakini kibali kilipaswa kuombwa huko siku hiyo, nami nikajiambia nitampitia Gogo kesho. Niliporudi na polisi wenzangu kesho yake, mlango wake ulikuwa wazi, majivu ya jikoni yamepoa. Tulimpata kwenye kijito chini ya shamba, kikapu cha majani bado mgongoni.

Tukachimba. Chini ya ile michai alikuwepo Rael. Chini ya Rael kulikuwa na mifupa ya mtu mwingine.

Mzee alikiri kumuua Rael, akakiri kumuua na Gogo. Nilipomuuliza kuhusu yule mwingine, alinitazama kwa utulivu. “Si wewe ndiye polisi? Tafuta, msichana wangu.”

Mwanangu, wiki ijayo unaanza kazi hii. Waheshimu wazee, simama wakiingia, kunywa wanachokupa. Lakini jina la aliyekuamini si lako kuligawa, hata anayeuliza akiwa baba yako mzazi. Mwambie hutajibu. Akuone huna adabu, aende akakuseme sokoni, hilo utalizoea. Na ukihisi umekosea, usingoje kesho. Geuka hapo hapo ulipo, urudi, hata kama mkubwa wako anakusubiri ofisini. Mungu aulinde ulimi wako, akurudishe nyumbani kila jioni, na wote watakaokuamini wazeeke kwao kwa amani.

Yule aliyekuwa chini ya Rael hajapata jina hadi leo. Daktari alisema alikuwa mwanamke. Hakuna aliyewahi kuja kumuulizia.