Kuku Wote wa Mama

Fundi anafungua mlango wa gari langu, na harufu ya grisi na ngozi kuukuu inanirudisha kwenye baraza letu la Kasongo.

Baba alikuwa akitengeneza upya gari la mbio la Muzungu wa kampuni ya pamba. Aling'oa mkono wa kioo na ngozi ya ndani ya mlango, akapanga visi, zile skrubu za mlango, juu ya mkeka kwa namna zilivyotoka. Kuku wetu wakapita wakidonoadonoa, na visi moja ikakosekana.

"Muzungu atasema miye mwizi," Baba alisema.

Akawachinja kuku wote, kila mmoja na bismillahi yake, Mama akipasua firigisi. Zilikuwa na mchanga tu.

Asubuhi polisi walimchukua Baba. Mama akafunika sufuria ya nyama.

"Musiguse. Baba yenu atarudi na njaa."

Nyama ilioza vilevile, imefunikwa.