Ntoto Huyu Anageuka

Nilimng'ata binti wa nyakanga bombani, mkononi, juu kidogo ya kifundo. Alikuwa ameivuta ndoo yangu na kuiweka nyuma ya yake, kisha akawaambia wenzake kwamba wanaume hawapangi foleni ya maji. Alikuwa anazisema ndevu zangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na kidevuni zilikuwa zimeota nywele ambazo wavulana wa darasani kwetu walikuwa bado wanaziombea dua. Miguuni na mgongoni zilikuwepo pia. Sauti yangu ilikuwa imeshuka. Damu ya kila mwezi, ambayo wenzangu wote walikwishaiona, mimi sikuwa nimeiona.

Bila damu hiyo huchezwi unyago, na bila unyago wewe si mtu mzima. Anayepanga nani achezwe na nani asubiri ni nyakanga, mkuu wa mafunzo hayo. Kwa hiyo nilikuwa nimemng'ata binti wa mtu asiyefaa kabisa kung'atiwa binti.

Kijiji chetu kiko upande wa Mahurunga, karibu na mto, na watu wa mtoni hawajawahi kukosa jibu la jambo lolote. Mwaka ule simba alikuwa anakula mbuzi kwenye mabonde ya mpunga. Alikuwa simba wa kawaida, mwenye nyayo na kinyesi, aliyevuka Ruvuma maji yalipopungua, kama watu wanavyovuka kila siku kwenda kusalimia shangazi zao. Lakini kwetu simba wa kawaida hatoshi. Lazima awe mtu aliyegeuka, na lazima nyuma yake awepo mtu anayemfuga. Tena hatajwi jina. Ukisema simba umemwita, kwa hiyo husemwa "mwenyewe". Mwenyewe kapita kwa fulani. Mwenyewe kalia jana. Mgeni akisikiliza anadhani tunazungumzia mwenye nyumba.

Nyakanga aliutazama mkono wa binti yake, akazipapasa alama za meno, halafu akatangaza mbele ya foleni nzima:

"Ntoto huyu anageuka."

Alisema ntoto, kama tunavyosema wengi wetu tuliokikuta Kimakonde nyumbani kabla ya kukikuta Kiswahili shuleni. Kufikia alasiri ushahidi ulikuwa umekamilika. Nilikuwa natembea peke yangu. Nilikuwa sicheki. Nilikuwa napenda nyama. Ushahidi huu wa mwisho ulinishangaza kuliko yote, maana kijiji kizima kilikuwa kinakula kisamvu kwa sababu hakikuwa na nyama, wala si kwa sababu hakiipendi.

Mwalimu wetu wa jiografia, mtu wa mikoa ya kaskazini, alizipata habari hizi akafurahi. Alisimama ubaoni akatuambia kwamba huu ndio ujinga unaoifanya kusini ibaki kusini. Alicheka, akamwiga nyakanga, akasema "ntoto" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wakati wa mapumziko aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Wewe binti, hebu niambie. Bibi yako hawezi kumsaidia mtu uhamisho wake upite?"

"Amsaidieje, mwalimu?"

"Kuna mtu pale mjini amekalia faili langu." Akatazama dirishani. "Sisemi aliwe. Atishwe tu kidogo."

Nilimwambia nitamwuliza bibi. Akanishukuru, akaniruhusu nikose kipindi chake.

Bibi ndiye aliyenilea, na ndiye ambaye kijiji kilikuwa kinamtazama kama mfugaji. Alikuwa na mbuzi mmoja, wa kukunia nazi. Nilipomfikishia ombi la mwalimu alicheka hadi akashuka kwenye mbuzi huyo, akakaa chini na kifuu mkononi.

Mimi sikucheka. Kila asubuhi kabla bibi hajafagia nilitoka kuzikagua alama za miguu yangu kwenye mchanga wa mlangoni, nione kama usiku zilibadilika. Zilikuwa zilezile, na kidole gumba kilichopinda. Kila asubuhi nilikasirika. Nilikuwa mjinga sawasawa na wao, ila wao waliogopa nisije nikawa simba, na mimi niliogopa nisije nikawa si chochote.

Likizo ya mwezi wa sita ilipofika, nyakanga na wazee wakaleta uamuzi: aitwe mganga kutoka ng'ambo ya mto, aninyoe. Kunyolewa, wanasema, ni dawa. Nywele zote zinatoka, mbele ya watu, na unyama unatoka nazo. Wasichosema ni kwamba aliyenyolewa hadharani amekiri. Hataolewa hapo, hataitwa kupika msibani, na aliyetajwa kuwa mfugaji wake lazima ahame. Bibi hakuwa na kwao kwingine. Kaburi la babu liko nyuma ya choo chetu, na muhogo wake wote uko ardhini. Tukikataa kunyolewa, tulielezwa kwa upole, tutahama vilevile, ila haraka zaidi.

"Mke mwenzangu," bibi aliniambia asubuhi ile akinifunga kanga kifuani, "hizo ndevu wakizitoa waombe wakazipande kwenye kaburi la mume wetu. Alikufa anazitamani."

Alilifunga fundo mara tatu na lilikuwa halishiki. Nikalifunga mwenyewe.

Mganga alikuja na miwani ya jua, jezi ya mpira na simu iliyokuwa inaita kila mara. Aliagiza kigoda, ndoo ya maji, sabuni, na matawi mabichi ya mkorosho yenye maua. Matawi yalikuwa tatizo. Mikorosho iliyopakana na ua wetu ni ya tajiri mmoja wa Chikongola, mjini, na msimu ule ndio anaokuja mwenyewe kusimamia upuliziaji wa salfa, ule unga wa njano unaokinga maua yasioze. Tawi lenye maua ni korosho za mtu. Mganga alisema dawa bila maua haifanyi kazi. Wazee wakatazamana, wakakata matawi, wakamweka binti wa nyakanga njiani awe mlinzi. Watu waliokuja kuitakasa jamii walianza kazi kwa kuiba.

Nilikaa kwenye kigoda. Uwanja ulikuwa umejaa. Kina mama walikuja na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha na kutafuna, kama wamekuja kwenye ngoma. Mganga akanipaka povu, akaniambia nikihisi kunguruma ningurume tu, nisizuie. Sikuhisi chochote isipokuwa ubaridi wa maji shingoni. Wembe ukaanza upande wa kulia. Nywele zilikuwa zinaangukia mapajani mwangu, na kila fungu likianguka kina mama walikuwa wanasema "aah", kwa sauti ya watu walioshiba.

Alikuwa amefika katikati ya kichwa binti wa nyakanga alipopiga kelele kutoka njiani:

"Mwenyewe kaja! Mwenyewe huyo!"

Alikuwa anamaanisha mwenye shamba la mikorosho.

Hakuna aliyesubiri kuuliza mwenyewe yupi. Mganga alikuwa wa kwanza kuondoka. Aliruka ua wa makuti na simu yake inaita, akaacha miwani na kiatu kimoja. Nyakanga alipita juu ya ndoo. Mzee aliyekuwa amesema utangulizi kuhusu ushujaa wa wazee wetu alipanda mkorosho uleule waliokuwa wameukata, na tawi likamkataa. Kufumba na kufumbua uwanja ulibaki na ming'oko, malapa, bibi, na mimi.

Nilibaki nimekaa. Povu lilikuwa linanishuka shavuni nami nilikuwa nawaza jambo moja rahisi sana, ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeliwaza. Kama simba ni mimi, na mimi niko kwenye kigoda nanyolewa, basi hawa wanamkimbia nani?

Kutoka kwenye mikorosho akatokea kiumbe wa njano, nywele njano, nyusi njano, shati njano, anatembea taratibu kama mwenye mali. Salfa ilikuwa imemfunika hadi viatu. Akakohoa.

"Hodi hapa. Nani kakata matawi yangu?"

"Mganga, baba," bibi alimjibu.

"Mganga wa nini?"

Bibi akamweleza kwa ufupi, akinionyesha kwa kidole. Nilitarajia acheke. Alikuwa mtu wa mjini, ana gari, ana wanawe vyuo vikuu. Alinitazama kichwa, nusu kipara na nusu msitu, akanitazama kidevu. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Basi yaishe, mwanangu," akaniambia. "Matawi si kitu. Mimi na wewe hatuna ugomvi." Akarudi alikotoka, bila kugeuza mgongo mpaka alipoifikia miti.

Vichwa vikaanza kuchungulia juu ya ua. Niliinuka kwenye kigoda. Vichwa vikazama. Nikapiga hatua moja kuelekea kwenye ua, nikasikia nyuma ya makuti miguu mingi ikipiga hatua zake kurudi nyuma. Nikapiga nyingine, kwa kujaribu tu. Ikawa hivyohivyo. Kwa miezi mingi nilikuwa naitafuta alama mchangani, na jambo lenyewe lilikuwa pale, kwenye miguu ya wengine. Niliwadharau papo hapo, wote, na dharau ile ilikuwa tamu, na sikuona sababu ya kuitema.

Bibi alimalizia nusu iliyobaki ndani ya nyumba, kwa wembe uleule, akilalamika kwamba waganga wa siku hizi hawajui hata kunyoa. Nikamwachia kichwa. Ndevu nilimzuia.

Alasiri nyakanga akaja. Alisimama mbali na kizingiti, kanga yake bado ina tope la ndoo.

"Hodi, mama. Mganga kasema dawa imekatika njiani. Nusu haihesabiki. Anataka arudi aimalize."

Alikuwa anazungumza na bibi lakini macho yalikuwa kwangu. Bibi aliendelea kumenya muhogo, nami nikaelewa kwamba ananiachia.

"Sikai tena," nikasema.

Nilitumia ile sauti yangu iliyoshuka, ambayo mpaka siku ile nilikuwa naificha kwa kunong'ona. Nyakanga alifungua mdomo. Hakuna msichana wa kijiji kile aliyewahi kumjibu hivyo asichapwe.

"Na bibi hahami," nikaongeza.

"Nani kasema anahama?" alijibu upesi. "Hakuna aliyesema." Akakusanya kanga yake, akainama kidogo, mwanamke aliyewacheza mama zetu wote. "Haya, mama. Tumekuelewa, mama."

Bibi aliacha kumenya akanitazama, maana safari hii mama aliyeitwa hakuwa yeye.

"Marahaba," nikaitika, ingawa hakuwa amenipa shikamoo.