Ukingo Ambao Mama Sukuma Hakuusukuma

Kwenye ofisi ya ukaguzi wa majengo walimwita Mama Sukuma, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Wakaguzi wengine wakifika kwenye jengo jipya hutoa tepu, hupima urefu wa ukingo wa ngazi na roshani, huuliza kioo kimenunuliwa wapi, huandika, kisha huenda zao. Yeye alifanya hayo yote, halafu akaweka mkoba chini, akavua viatu, akasimama kiubavu, akaegemeza bega na nyonga kwenye ukingo na kuusukuma kwa uzito wake wote. Na uzito ulikuwepo, hilo hata waliokuwa hawampendi hawakulipinga. Mafundi waliokuwa wamekaza nati kwa haraka walimwona anavua viatu, na jasho jembamba likaanza kuwatoka.

Sheria za kingo za kioo alikuwa nazo kichwani, ila hakupenda kuzisema kisheria. Mwenye jengo akimuuliza kisa cha usumbufu wote huo, alimjibu hivi:

"Ukingo uwe juu ya kiuno cha mtu mzima, maana ukiwa chini ya hapo na wewe umejikwaa, haukuzuii, unakupindua tu. Nafasi kati ya kioo na kioo isipitishe kichwa cha mtoto anayetambaa. Kioo chenyewe kiwe cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, ili kikipasuka kisimame na nyufa zake, kisimwagike. Juu yake ipite reli moja iliyoshikwa na vioo vyote, ili kimoja kikifa wenzake waibebe. Hayo ni ya macho na tepu. La mwisho ni la kusukuma, kwa sababu watu hawaegemei karatasi ya ramani."

Kuna tajiri mmoja aliwahi kumwambia kwamba reli ya juu inamharibia mandhari. Mama Sukuma akamwambia kwamba hata yeye angependa kutembea barabarani bila nguo joto likizidi, lakini kuna mambo lazima tuvumiliane. Reli ikawekwa.

Mumewe alikuwa fundi vioo. Watu waliona ni ndoa iliyopangwa kwa akili, lakini ukweli ni kwamba wawili hao nyumbani hawakuzungumza kazi hata kidogo. Kwa miaka mingi mume alikata vioo vya madirisha, rafu za maduka na vioo vya kujitazamia vya saluni, na kila mwaka alikuwa anasema mwaka huu nitapata kazi kubwa. Hatimaye akaipata: zahanati mpya ya daktari mmoja wa kike, jengo la ghorofa moja lenye ukumbi ulio wazi katikati, na huko juu korido inayouzunguka ukumbi pande zote. Kwenye korido hiyo ndipo kina mama wangepanga foleni na watoto wao wa kliniki. Ukingo wote wa korido ulikuwa wa kioo, na wote ulikuwa mikononi mwake. Alinunua shati jipya kwa ajili ya kazi hiyo. Mezani alianza kusema "mradi wangu," na mkewe akawa anatabasamu ndani ya kikombe cha chai.

Kwa kawaida ukaguzi wa zahanati ile ungekuwa wa mkaguzi mwenzake, lakini mwenzake alikuwa kitandani na homa. Mama Sukuma alikwenda kwa mkuu wao akamkumbusha kwamba aliyefunga vioo vile ni mumewe.

"Sasa nimtume nani, mlinzi?" mkuu akauliza. "Nenda tu. Kioo hakijui ndoa."

Ijumaa akaenda. Mumewe alikuwepo na shati lake jipya, mafundi wake walikuwepo, daktari naye alikuwepo. Mama Sukuma akapima urefu, ukawa sawasawa. Akapima nafasi, zikawa nzuri. Akagonga kioo, akakichungulia pembeni, akaziona tabaka mbili na utando katikati. Akapitisha kiganja juu ya reli toka mwanzo hadi mwisho, hakukuta mahali palipomkwaruza. Kazi safi. Kisha akaweka mkoba chini, na macho yote yakamwendea viatuni.

"Haya, mzee," fundi mmoja akasema, "leo mkeo anakusukuma mpaka kazini!"

Wakacheka. Mume naye akacheka, lakini shingo ilikuwa imemkakamaa. Akamtazama mkewe kwa kitambo, kisha akateremsha macho akaanza kujifuta vidole kwenye suruali. Mama Sukuma aliliona hilo, na moyo ukamlainika. Kumsukumia ukingo mbele ya vijana wake na mbele ya daktari aliyempa kazi kungekuwa ni kumvua nguo hadharani. Mikono ile aliifahamu kuliko mtu yeyote. Akaokota mkoba, akaurudisha begani.

"Kazi nzuri," akasema, akasaini. Daktari akapiga makofi.

Jumamosi alikwenda benki. Akiwa anashuka ngazi, bega lake, kwa mazoea ya miaka, likauegemea ukingo wa chuma na kuusukuma kidogo. Mlinzi wa benki akamtania: "Mama, hata hapa uko kazini?" Mama Sukuma akaanza kucheka, kicheko kikamkwama njiani. Ukingo wa benki, ambao haukumhusu, alikuwa ameusukuma. Wa zahanati hakuusukuma. Na zahanati ingefunguliwa Jumatatu asubuhi.

Nyumbani alimkuta wifi yake amekuja kusalimia, akamweleza yote jikoni kwa sauti ya chini.

"Wifi, achana nayo," dada wa mume akasema. "Kaka yangu ameingoja kazi hii tangu nywele zake ziko nyeusi. Ukirudi kumsukumia sasa, na ulishasaini, watu watasema hata mkewe hamwamini."

"Na ukingo usiposhika je?"

"Utashika. Kwani ameanza jana?"

Mama Sukuma aliendelea kuchambua mchele. Wifi alikuwa anasema kweli tupu kuhusu kaka yake, lakini hakuwa anasema lolote kuhusu ukingo. Usiku ule mume alikula vizuri, akasimulia jinsi jua la asubuhi linavyopita kwenye vioo vyake, na mke akashindwa kufungua mdomo. Alijiona mwoga, na kwa kweli alikuwa mwoga.

Jumapili mchana alipiga moyo konde akaenda. Mumewe alikuwa huko juu na mafundi wawili, wanafuta alama za vidole kwenye vioo. Daktari alikuwa chini anapanga mabenchi. Mama Sukuma akapanda ngazi, akaweka mkoba chini, akavua viatu.

"Mke wangu," mume akasema, "si ulishasaini?"

"Nilisaini. Sikusukuma."

Hakuna aliyetania safari hii. Akaanza upande wa mlango, akaegemea, akasukuma. Imara. Upande wa pili, imara. Wa tatu hivyohivyo, na roho ikaanza kumtulia, hata akajilaumu kwa kumwaibisha mwenzake bure. Akafika kipande cha mwisho, penye kona ya ngazi, ambapo watu wangerundikana zaidi. Akaegemeza bega, akajikaza.

Reli ikaenda. Haikuenda sana, upana wa kidole tu, lakini ilikwenda na kwa chini kigae kikalia.

Mume akatupa kitambaa akapiga magoti. Mfereji wa alumini unaobana kioo kwa chini ulikuwa umejiinua pembeni. Akachukua spana, akafungua bolti ya kwanza, ikatoka bila kubisha, imejaa unga wa saruji. Alielewa palepale, na mkewe pia. Kwenye kona hiyo zege la sakafu lilikuwa limebonyea, na fundi wa vigae alilisawazisha kwa kumwaga saruji nene kabla ya kupanga vigae. Kwa juu hutaona tofauti. Bolti ambazo kwingine kote zilishika zege, hapo zilikuwa zimeishia kwenye saruji ya kusawazishia, na hiyo kazi yake ni kubeba vigae, siyo kubeba watu.

Daktari alipanda mbio. Alipoelezwa, uso ulimbadilika.

"Lakini Ijumaa ulisaini! Nimeshawaambia watu waje kesho!"

"Waje," Mama Sukuma akasema. "Wahudumiwe chini. Huku juu hapandi mtu mpaka mimi nirudi. Na hilo la Ijumaa ni kosa langu, si la fundi wako. Kesho nitamwambia mkuu wangu hivyohivyo."

Daktari akamtazama yeye, akamtazama mume, kisha akageuka akaenda kufunga ngazi kwa benchi. Mafundi wakawa wanajishughulisha na kioo ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika, mke akaweka chai. Alisubiri lawama na alikuwa ameshajiandaa kuzimeza.

"Ile kona," mume akasema hatimaye, "drili iliingia kirahisi mno. Nilihisi kabisa."

Mke akaweka kikombe chini. "Ulihisi, na ukafunga?"

"Kazi ilikuwa imechelewa, daktari ananipigia simu kila saa. Nikasema si kitu, anayekuja kukagua ni mke wangu. Kama ukingo ni mbovu, atausukuma, atajua."

"Mimi nilidhani unanitazama ili nisikuaibishe."

"Hilo lilikuwepo." Akajifuta vidole kwenye suruali, kama Ijumaa. "Niliogopa usukume, na niliogopa usisukume. Ulipookota mkoba, nikajiambia basi, kumbe ukingo uko salama. Mke wangu asingesaini kitu ambacho hakiko salama."

Hakuna mmoja wao aliyeinywa ile chai.

Wiki iliyofuata kona ile ilivunjwa mpaka kwenye zege, zikawekwa bolti ndefu, saruji ikaachwa ikauke vizuri. Mama Sukuma alipopanda ngazi, mumewe alikuwa anamngoja pale juu na shati la kazi, mafundi na daktari nyuma yake. Akampokea mkoba begani kabla hajauweka chini mwenyewe.

"Sukuma," akamwambia, kwa sauti ambayo wote waliisikia.